Jiwe la Sebuleni

Sisi wa Bugarika tunajenga na mawe tuliyoyakuta.
Kwa mama Holo kuna jiwe sebuleni,
kubwa kama ndama aliyelala;
wamelipaka rangi, wameweka redio juu yake,
na maisha yanalizunguka.

Mimi ni fundi cherehani. Viuno vya mtaa huu
navijua kwa sentimita. Changu sikukipima.
Niliachia pindo mara ya kwanza, nikasema ni ugali.
Mara ya pili, nikasema ni umri.
Mara ya tatu kitambaa cha kuachia kilikwisha.

"Fundi, hongera! Miezi mingapi?"
Nilijibu kwa pini mdomoni,
maana mwenye pini mdomoni hadaiwi maneno.
Mama mkwe akapeleka jogoo mweupe kwa mganga, Magu.
Jogoo hakurudi. Tumbo halikuondoka.

Na damu. Niiseme, niliinyamazia miaka minne:
siku tisa, siku kumi, mabonge kama maini ya kuku,
kanga nyeusi mbili nikizifua usiku
kabla jirani hajaamka.
Stuli yangu niliivika nailoni chini ya foronya.
Ngazi za mawe hadi nyumbani ni mia na kumi na nne;
nilianza kupumzika kwenye ya thelathini,
kisha ya ishirini,
kisha nikawa najifanya naangalia ziwa.

Wifi yangu Nyanzobe alinikuta nimelalia suruali ya mteja.
Akavuta jicho langu chini, akaona weupe.
Hakuuliza. Alifunga mlango wa kibanda,
funguo akatia kifuani mwake.

Jeli baridi. Kioo chenye mvua ya kijivu.
Daktari, binti mdogo kuliko cherehani yangu,
akaweka kidole: "Huu hapa. Na huu.
Na hako kadogo tusikasumbue.
Zinaitwa fibroidi. Ni nyama ya kizazi chenyewe, imekua bila kuitwa.
Si saratani. Si mtoto. Si mkono wa mtu."
Nikamwambia, rudia hilo la mwisho.
Akarudia, taratibu, kama anayehesabu chenji.

"Wanawake wengi wanao wasijue.
Ukikaa kimya, nasi tunauacha."
Nikalikumbuka jiwe la mama Holo na redio yake.
"Lakini wako unakunywa. Damu yako ni sita,
ilipaswa kuwa kumi na mbili."

Kuna vidonge, akasema, vya kupunguza kutoka.
Kuna kisu cha kutoa uvimbe na kukiacha kizazi,
ingawa mwingine huweza kuota.
Kuna kukitoa chote, hedhi ikawa hadithi.
"Wewe unataka nini?"

Mimi ndiye huuliza watu hivyo kutwa,
shingo ya duara au ya pembe,
mkono mrefu au mfupi.
Nilikuwa sijaulizwa.

Nikaomba siku tatu. Masalu, mume wangu,
alinyamaza nami, na hilo lilikuwa jema lake.
Siku ya nne nikasema: toeni mawe, nyumba niachieni.
Sijui kama nitazaa, nina miaka thelathini na tisa.
Ila kutojua huko nataka kubaki kwangu.

Miezi miwili ya vidonge vya chuma,
dagaa, matembele, choo cheusi kama wino.
Masalu anayekimbia sindano akatoa chupa ya damu,
akazimia, akapewa soda.
Mama mkwe naye alinyoosha mkono;
wakamwambia umri umepita.
Akakaa nje ya wodi na chupa ya uji,
tangu asubuhi, bila kumtaja jogoo.

Walinionyesha kwenye bakuli: saba.
Mkubwa ulikuwa sentimita kumi na moja.
Sikuhitaji futi.

Wiki sita sikubeba ndoo. Kovu linawasha mvua ikikaribia
kutoka upande wa Ukerewe, au najisingizia tu.
Ngazi nazipanda, sijapona mbio,
ziwa naliangalia kwa kupenda.

Jana mteja amekuja na gauni la bluu.
"Niachie pindo tena, fundi. Hii mara ya tatu."
Nikalipokea. Nikavuta stuli, nikamkalisha.
Nikatoa pini mdomoni.