Ramani Nyuma ya Risiti

Alhamisi usiku, Limbani, umeme umekatika.
Nachora kwa penseli nyuma ya risiti ya karafuu.
Wete hapa, kitone.
Chake pale, kitone kinono kidogo.
Katikati njia ya zamani, nyoka aliyemeza vilima.
Pemba haina mlima, tulifundishwa skuli,
lakini muulize mwenye baiskeli:
kisiwa kizima ni magoti.

Jumapili tunaondoka, mimi na dada yangu Bikombo,
kumi na moja alfajiri, jua halijaota meno.
Yeye ataazima ile ya gia ya mwalimu Khatib,
mimi Foniksi ya baba, chuma kitupu,
kengele imekufa, karia bado yabeba gunia.
Nimeandika:
pampu, viraka vitano, sulusheni,
spana nambari kumi na tano,
mihogo ya kuchemsha, chupa mbili za maji ya ndimu,
chumvi ndani ya karatasi.
Kamba, kwa lolote.

Majamvi ya kwanza tutayakuta kabla ya kumi na mbili:
karafuu za jana, mbichi, kijani na wekundu,
harufu kali ya kupigia chafya.
Saa mbili Ziwani, za siku tatu, zimeanza kuiva hudhurungi,
harufu imetulia kama mgeni aliyekwisha kuvua viatu.
Bikombo hujigamba: anaweza kufumba macho
akakwambia jamvi limeanikwa siku ngapi
na kama mvua ililipitia.
Miaka kumi na moja Unguja, anauza vitambaa Darajani,
ati pua haijasahau.
Nitamjaribu. Atakayekosea anunue pweza Chake.
Halafu Wawi, kwenye kiwanda cha makonyo,
tusimame tu nje ya ukuta, upepo unakoangukia,
tunywe hewa.
Hiyo bure.

Lakini ukiitazama vizuri ramani yangu
utaona mstari unafanya kituko:
ukikaribia Mtambwe unashtuka, unazunguka,
unaongeza maili tatu bila sababu.
Nilimwambia Bikombo: barabara mbovu, mvua imeila.
Mvua gani?
Ni mimi.
Pale Daya, bondeni, mikarafuu kumi na mitatu ya baba.
Mwaka ule wa figo za mama niliikodisha,
msimu mmoja tu, nikasema.
Msimu ukazaa msimu, deni likaota mizizi,
mwisho nikatia sahihi.
Sikumwambia. Kila mwaka nampelekea pishi moja
niliyonunua kwa jirani, usiku,
naye hunishukuru: za kwetu hazina mfano.

Simu inalia. Chaji imebaki asilimia nne.
"Kamba umeweka?"
Nimeweka.
"Na Daya?"
Nikaanza: ile barabara...
"Barabara nzima. Nimemuuliza Shaame wa bodaboda.
Ule mteremko baba alikuwa haushikii breki,
mimi juu ya gunia, shavu limenata mgongoni mwake kwa jasho.
Nataka niushuke mwenyewe, usukani mikononi mwangu."
Kimya. Kisha taratibu,
kama mtu anayemfungulia mwenzake fundo:
"Karafuu za mwaka jana zilinuka lami, Hamad.
Na za mwaka juzi.
Baba hakuanika barabarani hata siku moja."
Simu ikazima.

Nimekaa gizani. Mbu wamenipata.
Miaka mingapi anazipokea, anazinusa, anashukuru?
Kifutio sina, natia kidole mate,
nasugua ile kona, karatasi inachubuka,
inatoboka kijitundu.
Penye tundu ndipo Daya.
Natafuta kalamu ya wino kwenye mkoba wa mtoto,
napitisha mstari pale pale, kwa kupapasa,
ukingo wa tundu mpaka ukingo,
na chini ya orodha naongeza
raba mpya za breki, mbili,
za mbele.