Herufi kwenye Jani la Boga

Tukuyu jua halina ratiba.
Ukungu hushuka Rungwe alfajiri,
hadi saa nne bati bado linadondosha.
Mwalimu Mwakilembe alisema: leteni mmea,
ufungiwe stoo siku mbili, gizani,
umalize wanga wake wote,
ndipo tuutoe nje tuone unavyokula.

Nikang'oa mche wa boga nyuma ya jiko
nikaupanda kwenye kopo la rangi.
Mama akauliza, "Mboga inaumwa?"
"Inafunga," nikasema.

Siku ya tatu nikachukua karatasi nyeusi,
katikati nikatoboa T kwa wembe,
T ya Tusekile, jina la mama
(lote lisingeenea),
nikaibana juu ya jani kwa vibanio vya nguo.
Kisha tukangoja jua
kama wachumaji wanavyongoja malipo mwisho wa mwezi:
lipo, linasemwa lipo, halionekani.

Likaja Alhamisi, saa tano.
Si jua la kujisifia. Mwanga wa majimaji,
umechujwa na mawingu mara mbili.
Jani likaupokea hivyo hivyo.

Ndani yake, alisema mwalimu, mna vijumba vya kijani
vidogo kupita jicho.
Nuru ikiingia, nyekundu wanaimeza, bluu wanaimeza,
kijani wanakirudisha mlangoni.
Kwa hiyo hicho mnachokiona kule Katumba,
chai kilima baada ya kilima,
ndicho walichokikataa.
Nuru waliyoimeza hupasua maji,
hewa hutoka, sisi tunaivuta bila kuuliza,
na nguvu iliyopatikana hufungwa ndani ya sukari
kama noti kwenye pindo la khanga.

Tukalichemsha jani kwenye maji, halafu kwenye spiriti.
Kijani kikalitoka chote.
Likabaki jeupe, la kuvunjika,
maji ya vuguvugu yakalilegeza tena.
Ambakisye akadondosha iodini.
Hudhurungi. Hudhurungi tupu.
Tukaanza kulaumu mawingu.
Kisha, polepole, T ikajitokeza,
bluu inayokaribia nyeusi,
mkono wake mmoja umepinda
pale wembe uliponiteleza.

Nikaipeleka nyumbani kati ya kurasa za daftari.
Mama ndiyo kwanza anarudi, kikapu bado mgongoni.
Akaitazama, akaigeuza.
"Wino gani huu?"
"Si wino, mama. Chakula.
Palipopata jua pamepika,
palipofunikwa pamelala njaa."

Hakujibu mara moja.
Alivitazama vidole vyake,
vyeusi kwa utomvu wa chai, miaka kumi na tisa.
"Basi mimi nawachumia watu jua," akasema,
"na pale kwenye mizani wananiandikia majani."

Usiku tulikula ugali
na majani yaliyobaki kwenye mche uleule,
ameyapika kwa karanga, chumvi imezidi kidogo.
Hakuna aliyetaja somo.

T ilififia baada ya siku nne.
Iodini haiweki ahadi.
Sikumwambia mama; nilidhani ameshasahau.
Lakini asubuhi nilimkuta uani kabla ya zamu,
amelitoa kopo mwenyewe,
mche umebaki na jani moja changa, lenye vinyweleo,
naye ameinama analizungusha, kidogo, tena kidogo,
akifuata mahali ukungu ulipoachia.