Waya wa Ardhi

Zima kwanza, Mbusa. Shusha magunia.
Siwezi kumpima mgonjwa aliyebebeshwa chumvi ya watu watatu.

Sasa sema. Lakini usiniambie kimeharibika nini,
hilo umeshaambiwa na wengi, na wote umewalipa.
Niambie inafanyaje.

"Nikiwasha indiketa ya kushoto, taa ya nyuma inapepesa.
Honi inakohoa.
Nikiingia shimoni injini inakata, nikitoka inashika tena.
Na juzi usiku, ile njia ya kuteremkia Katwe,
taa kubwa ilikufa. Nikasimama.
Nikamsikia kiboko akikata nyasi, krap, krap,
karibu na goti langu.
Hakuwa na haraka hata kidogo."

Umebadilisha nini mpaka sasa?

Betri, kule Kasese: mbuzi mmoja na mtoto wake.
Koili. Rektifaya.
Plagi mbili, ya pili hajui kwa nini.
Anahesabu kwa vidole vyenye weupe mikunjoni,
nami natazama vidole, si pikipiki.

Marehemu Thembo, aliyenifundisha kazi hii,
alinigonga kwa spana namba kumi
kila niliposema "labda" kabla ya kupima.
Kwa hiyo napima.
Betri: kumi na mbili na nusu. Mbuzi hana kosa.
Fyuzi: nzima.
Nachukua taa yangu ya majaribio,
balbu kuukuu yenye mikia miwili ya waya.
Mkia mmoja chanya, mwingine hasi:
inawaka njano, imeshiba.
Ule wa hasi nauhamishia kwenye chuma cha fremu:
kijiuzi chekundu tu,
kama sigara ya mlinzi kwa mbali.

Hapo.

Watu hutazama umeme unakokwenda.
Waya mwekundu una wapambe; mweusi nani anauulizia?
Lakini umeme husafiri kwenda na kurudi,
na ukifungiwa njia ya kurudi hauketi chini kulia,
unapita uani kwa jirani.
Ndiyo maana indiketa ikiita, taa ya nyuma inaitika.

Natoa kiti, nanyanyua tangi.
Chini yake, kwenye bolti moja,
waya wa ardhi umevaa ukungu wa kijani.
Naugusa kwa ukucha. Unavunjika kama biskuti.
Ndani hamna shaba, mna unga.

Katwe ndivyo ilivyo. Chumvi haibishi hodi.
Imekula misumari ya bati la kanisa, vishikio vya ndoo,
imekula miguu ya mama yangu miaka kumi na minane
katika yale madimbwi,
ikitafuta ufa mdogo tu,
naye jioni akirudi na karo yangu imekunjwa ndani ya leso.
Kikulacho ki nguoni mwako.
Chako, Mbusa, umekifunga mwenyewe kwa mpira nyuma ya kiti,
kikichuruzika kila kilima.

Msasa. Bolti inang'aa.
Waya mpya, shubiri moja, jicho lake limebanwa sawasawa,
na grisi juu, nene,
kama mtoto anavyopakwa mafuta asubuhi ya shule.
Indiketa inapepesa peke yake.
Honi inamfanya Kabugho wa duka la pili anitukane.

"Kiasi gani?"
Elfu tatu.

Nilidhani atafurahi.
Macho yake yanarudi Kasese, yanamtafuta mbuzi.
"Elfu tatu," anasema, wala hasemi nami.

Fedha hana. Anafungua gunia,
ananipimia makopo mawili, na la nyongeza,
anapandisha mizigo, anapiga teke mara moja tu.
Taa inapanda kilima bila kupepesa.
Penye kona ya kiboko nasikia honi, ndefu, ya makusudi.

Nafunga ile chumvi ndani ya mifuko miwili ya nailoni,
naiweka rafu ya juu kabisa,
mbali na boksi la waya.