Tarakimu Mbili Zilizoliwa na Chumvi

Bamba la mashine lilikuwa na tarakimu tisa.
Chumvi imekula mbili za mwisho.
Saba zilizobaki nimeziandika kiganjani kwa kalamu ya wino,
nikaitia bushi iliyochakaa kwenye mfuko wa mkate,
nikapanda bodaboda kutoka Sahare,
mimi Mwanatumu binti Kibwana,
mwenye boti iitwayo *Nitalipa*
na mabaharia sita waliolala ubavuni mwake
kama samaki waliokosa mnunuzi.

Ngamiani, Barabara ya Nane, duka la kwanza.
"Namba?"
Nikafungua kiganja.
"Dada, hii haijakamilika."
Nani aliyekamilika, nilitaka kumjibu,
nikakumbuka nimefuata spea, sikufuata ugomvi.

Duka la pili wana boksi jekundu, lina nailoni yake, linanukia upya.
"Orijino," akasema, na mimi sijauliza.
Jibu likitangulia swali, lina hofu yake.
Nikatoa uzi wangu wenye fundo, nikaipima.
Fundo likatoka nje kwa unene wa ukucha.
Dukani, unene wa ukucha si kitu.
Nje ya mwamba, pampu ikinyonya hewa badala ya maji
na hedi ikianza kunuka kama pasi iliyosahauliwa juu ya shati,
unene wa ukucha ni watu sita
na kasia moja.

Nikapiga Kariakoo.
"Ipo mama, ipo mbele yangu hapa naiona. Tuma nusu."
Nikatuma nusu, na ya kutolea.
Jioni nikapiga tena, yule mwanamke wa mtandao
akaniambia kwa adabu namba ninayopiga haipatikani.
Kumbe si yangu peke yake
iliyoliwa.

Shemeji wa Mombasa alisema wiki tatu, ipitie Horohoro.
Wiki tatu!
Kikoba kinakaa kila Jumamosi,
na Bi Mwanjaa mweka hazina
hajawahi kusikia neno "bushi."

Ndipo nikafika Gofu, kwa Semngindo mkereza,
mtu wa maneno machache na sikio moja zima.
Huyu hakuniuliza namba.
"Ikipata moto inaliaje?"
Nikaona haya. Nikalia kama inavyolia:
*kwii, kwii, kwii*, kisha krrr,
kama mtu asaga meno usingizini.
Vijana wake wakacheka hadi mmoja akaangusha spana.
Yeye hakucheka. Akaniambia, "Rudia ile ya mwisho."
Nikarudia.

Akainama chini ya meza, akavuta bonge la shaba
lililotoka kwenye korona (ile ya kuchambulia mkonge, si ule ugonjwa)
ya shamba moja huko njia ya Muheza, lililofungwa kitambo.
Akalikaza kwenye mashine, akawasha,
na shaba ikaanza kumenyeka,
ikijikunja, ikidondoka sakafuni
mviringo juu ya mviringo, kama maganda ya chungwa
chini ya kisu cha muuzaji asiyetazama mkono wake.
Akasimamisha. Akapima. Akawasha. Akapima.
Uzi wangu ukazunguka, fundo likakaa mahali pake
kama kifungo kwenye tundu lake.

"Niigonge namba?" akauliza, nyundo mkononi.
Saba nikamsomea kiganjani, jasho lilikuwa limeanza kuzifuta.
Mbili za mwisho nikampa za mlango wa nyumba yetu.
Tak. Tak.
Siku moja mtu ataipeleka Barabara ya Nane
ikiwa na tarakimu tisa kamili, zinasomeka vizuri,
na maboksi yote mekundu yatafunguliwa
na haitakuwamo.

Alitaja bei.
Nikamtajia jina la boti.

Sasa hivi, saa kumi na moja alfajiri, mashine imekohoa mara mbili,
ikashika, na ubavuni maji yanatoka
kidogo kidogo, kisha mkupuo mmoja mnene.
Nimekinga mkono.
Ni ya uvuguvugu tu.