Mikindani, Mara ya Kumi na Moja

Kila mwaka naapa sirudi.
Naapa nikiwa nimebanwa na ukuta wa matumbawe
kwenye kichochoro ambamo wawili wakikutana
mmoja sharti ageuke mlango,
mtoto wa watu kanikanyaga kidole kilekile cha mwaka jana,
na beseni la pweza linapita juu ya kichwa changu
likinidondokea bila hata samahani.
Maulidi yamekaribia. Mji umefura
kama maharage yaliyosahauliwa majini.

"Mgeni wa Newala kafika," wanasema barazani,
"tumeusikia mguno wake tangu njia panda."

Bi Somoe ananipimia mkeka.
Mwaka jana elfu tatu, leo elfu nne.
"Bahari imepanda," anasema, wala hacheki.
Chumba kimoja tumelala tisa,
na wa kumi anakoroma kizingitini.

Mimi ni mtu wa juu, wa uwanda mkavu.
Kwetu ndoo ina jina la mwenyewe kwa rangi nyekundu.
Mama alinawa uso kwa kikombe kimoja,
maji yaleyale akaoshea miguu,
yaleyale tena akaupa mpapai.
Basi niambieni, nifanyeje na mji
ambao maji hujileta yenyewe,
mara mbili kwa siku, bila kuitwa, bila bei,
yanapanda mfereji, yanainama chini ya kidaraja cha boriti,
yanafika ngazi ya tatu ya nyumba ya Bi Somoe,
yanasimama hapo kama mdai mwenye adabu,
kisha yanajiondokea?

Si mji mzuri, nisiwadanganye.
Maji yakipwa, mfereji hufunua aibu zake:
kandambili isiyo na mwenzake, vichwa vya dagaa,
kaa wanaokimbia kama wana kesi.
Ghorofa ya mkabala imeota mtini sebuleni.
Upo mlango wa nakshi uliobaki peke yake,
nyuma yake hakuna nyumba,
na bado wapitao hupiga hodi.
Upo na ukuta mmoja ambao Bi Somoe huupita kimya.
Hapo watu walihesabiwa kama magunia.
Chokaa imepakwa mara nyingi. Haijashika.

Mwaka huu nimemleta Fikira, ana miaka kumi na miwili.
Siku ya kwanza: "Baba, mji unanuka."
Nikasema kweli.
Siku ya pili: "Baba, watu wamezidi."
Nikamnunulia ming'oko, tukala huku tunasukumwa.
Usiku wa tatu, usiku wa bamvua, nikamkosa mkekani.
Alikuwa ngazini, maji yamemfika magotini,
taa za madirisha yote zikivunjika na kuungika mbele yake,
na mji mzima, huu wa makelele, umeshusha sauti
kama mtu aliyebeba kitu asitake kimwagike.
Hakusema neno. Nami sikuuliza.
Ngazi ya nne.
Ngazi ya tano.

Tulipofika nyumbani nilifungua mfuko,
kati ya kanga mbichi na korosho zilizobaki
nikakuta chupa, imejaa hadi shingoni.
"Maji ya chumvi? Haya hayanyweki, mama."
"Si ya kunywa. Nataka nione kama huku yatakumbuka saa zake."
Akaiweka dirishani bila kifuniko,
akachora mstari kwa mkaa.

Leo siku ya tisa, na jua la Newala halina mzaha.
Fikira kasimama, kidole kiko chini ya mstari,
upana wa ukucha, si zaidi.
"Baba, yamepwa."
Nikajifanya nahesabu magunia.
"Na huku hayajui kujaa," akasema.
"Itabidi tuyarudishe."