Gari la Mfano

Fomu inauliza, ukurasa wa pili, kisanduku cha nne:
gari la mfano ni lipi?
Maana kila kona, walitufundisha chuoni,
huchorwa kwa ajili ya chombo kimoja,
kirefu kuliko vyote vitakavyopita,
nacho kikipinda salama, vingine vimeshapinda.
Lori la taka. Basi la shule. Gari la zimamoto.
Nusu kipenyo mita sita, au tisa, au kumi na mbili,
andika, tia sahihi, nenda nyumbani.

Nami nimesimama Mkomani, utepe mkononi,
na kichochoro kinanipa
mita moja na sentimita sitini na mbili juu ya kichwa,
moja na sabini na tano kiunoni.
Nikapima tena. Nikadhani utepe umelegea.

"Haukulegea," asema Lali Famau, mwenye punda sita
na deni la pumba kwa watu watatu.
"Ukuta ndio uliosogea. Shika hapa."
Nikashika. Pembe ya nyumba ya Bi Mwanashee
imelika, laini kama sabuni ya jana,
kutoka chini hadi linapofika shogi la punda;
juu ya hapo pembe inarudi kuwa pembe,
kali, nyuzi tisini, haina habari.
"Nani alichonga?"
"Punda walianza. Fundi akamalizia."

Nikakokotoa nyuma ya fomu: boriti begani,
kichochoro hadi kichochoro,
ndefu ipi itapinda bila kukwama?
Mizizi, mraba, penseli ikavunjika mara moja.
Mita nne na sentimita hamsini na nane.
"Futi kumi na tano," asema Lali, "na kidole."
Nikageuza. Kumi na tano. Na kidole.

Kitabu changu kinadai mstari wa kuona:
dereva amwone mwenzake mita thelathini
kabla ya njia panda.
Hapa njia imepindishwa makusudi
jicho la mpita njia lisiingie ukumbini mwa watu.
Kisichoonekana, basi, kisikike.
"Simile!" apiga Lali,
na kijana mwenye kapu la mofa anajibanza dakani,
kapu juu, tumbo ndani,
punda wanapita na kifusi chao.
Sikuona kisanduku cha kuandika neno hilo.

Baada ya adhuhuri kichochoro kikanyamaza
kabla sijajua kwa nini.
Fundi Shali wa vitanda.
Yule ambaye hakumuuliza mteja urefu wake,
alimuuliza: unakaa nyuma ya kona ipi?
Kisha akakata mbao.

Nikapanda dakani, nikauvuta utepe wangu kutoka chini
haraka, kama mtu aliyekutwa na kitu kisicho chake.
Lali aliwarudisha punda kinyumenyume, wote sita,
bila fimbo.
Wakaja na tahlili, mabega yakipokezana,
huyu anaingia, yule anatoka, jeneza halisimami.
Kwenye kona wa mbele wakapinda,
wa nyuma wakajitanua kulia,
na mimi, Mungu anisamehe, nilikuwa nahesabu:
upana wa wanaume wawili na alichobebwa kati yao.
Pindo la subaya likaugusa ukuta
pale palipolika.
Halikunasa.
Hakuna aliyeinamisha, hakuna aliyesema simile.

Walipokwisha pita, maji ya mchele ya mtu fulani
yakashuka mtaroni, taratibu, kuelekea pwani.
Mteremko mmoja kwa mia. Sikupima; niliyafuata tu kwa macho.

Jioni mkubwa wangu akapiga simu.
Kisanduku cha nne kiko wazi, anasema,
na mfumo haukubali kisanduku kitupu.
Nikaandika: jeneza.
Abiria mmoja. Madereva, mtaa mzima.
Kasi: nikafuta, nikaandika, nikafuta.
Nusu kipenyo:
muulizeni Lali Famau.