Swali la Kumi na Tisa

Ghorofa ya tatu, Upper Hill, saa mbili asubuhi.
Daktari Nyaguthii ametutoa damu,
chupa zetu amezibandika karatasi:
A ni Mukhwana, B ni mimi, Mulongo.
Nikiziinua kwenye mwanga wa dirisha
sioni tofauti.

"Jeni zenu ni kitabu kimoja
kilichopigwa chapa mara mbili," anasema.
"Nami natafuta yaliyoandikwa pambizoni:
maji mliyokunywa, moshi mliovuta, kazi za mikono."

Ndugu yangu ameukalia mkono wake wa kulia
ili utulie.
Mkono umekataa. Kiti kinabisha ukutani
polepole, kama mgeni asiye na haraka.

Kisima? Kimoja, cha Bumula.
Sigara? Yeye kidogo, mimi zaidi.
Kugongwa kichwani? Sote wawili,
mwiko mmoja wa mama, siku moja.
Daktari anacheka, na hata hilo analiandika.

Swali la kumi na tisa:
umewahi kunyunyiza dawa ya wadudu?
Mbele yake pana nakala ya daftari la mishahara,
shamba la kahawa, Ruiru, miaka minne.
Jina ni langu. Namba ya kitambulisho, yangu.

Kazi ile kweli niliandikwa mimi.
Wiki hiyohiyo ikaja barua ya chuo cha uhasibu,
na karo hatukuwa nayo.
Mukhwana akakiokota kitambulisho changu mezani,
akajitazama kwenye kioo cha jirani, pale Jericho:
"Uso si ni huuhuu? Nani atajua?"

Akabeba bomba mgongoni kwa jina langu,
bila glavu, bila kitambaa cha pua.
Jumamosi alirudi shati likinuka kitunguu kilichooza,
akanihesabia karo, noti baada ya noti,
kwa vidole vilivyotulia tuli
kama maji ya mtungini.

Sasa karatasi inasema
aliyevuta sumu ni B, naye mzima;
A hakuigusa, na ndiye anayetetemeka.
Kwa kosa letu dawa ingetoka mahakamani
ikijipangusa vumbi.

"Daktari, futa hapo," nikasema, nikaeleza yote.
Mukhwana akatikisa kichwa kunikataza,
au kichwa kilijitikisa chenyewe.
Siku hizi sijui.

Nyaguthii akafuta. Akakaa kimya kidogo.
"Jozi moja haihukumu," akasema,
"huenda ni dawa, huenda ni bahati tu.
Wewe nitakuita tena mwakani."

Tangu siku hiyo, huku Umoja,
kila alfajiri najaza kikombe chai hadi ukingoni,
nakibeba kutoka jikoni hadi mezani
nikihesabu hatua. Ni kumi na moja.

Leo imemwagika kidogo kwenye sahani.
Nimejaza mno,
naiambia meza.